PhD ya viumbe wa majini: anza na samaki, skolashipu itafuata

Meseji ninazopata zinafanana sana, "naomba koneksheni ya PhD, nchi yoyote, mada yoyote". Nawaelewa kabisa kwa sababu na mimi nilishatuma imeili za hivyo, arobaini ndani ya siku mbili, maneno ni yaleyale nabadilisha jina la profesa tu, na hakuna hata mmoja aliyenijibu.

Lakini kinachoniuma zaidi ni wale wanaoona tangazo zuri kabisa halafu wanalipita. Mtu amesoma mambo ya uvuvi au ufugaji wa samaki, amekaa miaka anapima samaki, akikuta tangazo limeandikwa "ikolojia ya mageuko", yaani jinsi mazingira yanavyobadilisha viumbe kizazi hadi kizazi, anaona hiyo ni ya watu wa jeni na hesabu ngumu, sio yake. Jamani ni yako!

Hebu fikiria wavu tu. Wavu unabeba wakubwa, kwahiyo samaki anayechelewa kukomaa anavuliwa hata hajataga, na yule anayewahi kukomaa akiwa bado mdogo ndiye anaacha watoto. Ukiendelea hivyo vizazi na vizazi unakuwa unachagua mbegu bila kujua. Ilitokea kwa samaki anayeitwa cod pwani ya Newfoundland kule Kanada, kabla uvuvi haujafungwa mwaka 1992 walikuwa tayari wanakomaa mapema na wakiwa wadogo kuliko zamani, yaani dalili ilikuwepo kwenye vipimo vya kawaida kabisa vya uvuvi, urefu, umri, ametaga au bado. Hayo ndiyo mageuko, na mtu wa uvuvi anayo data yake kwenye daftari.

Mimi mwenyewe nilinaswa na Daphnia, hawa wanaoitwa viroboto wa maji. Ni mdogo, milimita mbili hivi, lakini muweke chini ya hadubini uone, mwili wake unapitisha mwanga kama kioo, moyo unadunda pale mgongoni, utumbo umejaa mwani wa kijani, mayai unayahesabu bila hata kumpasua. Mambo yakiwa magumu anataga mayai ya aina nyingine, yako ndani ya kifuko cheusi kama tandiko la farasi, yanazama kwenye tope na yanaweza kusubiri miaka na miaka. Sasa watafiti wakachimba tope la ziwa Constance, pale Ujerumani, Uswisi na Austria zinapokutana, wakaangua mayai ya kabla ziwa halijachafuka na ya baada ya hapo, bibi na wajukuu wakalishwa chakula kimoja chenye mwani wa sumu, ule unaojaa ziwa likichafuka. Wajukuu walikua vizuri kuliko bibi zao, maana ukoo ulishabadilika ndani ya miongo michache tu. Niliposoma ile kazi sikulala.

Na kuna samaki wa Ziwa Victoria ambao jenasi yao imepewa jina la Kiswahili kabisa, Pundamilia, spishi moja ni Pundamilia nyererei. Dume la huyu lina wekundu, la spishi ndugu yake lina bluu, na majike wanachagua kwa rangi, ila maji yakiwa machafu rangi hazionekani sawasawa na spishi zinaanza kuchanganyika. Uchafuzi wa maji unafuta spishi bila kuua samaki hata mmoja! Maswali ya namna hii bado yako wazi kibao.

Kuhusu taratibu sitakaa sana. Ujerumani, Uswisi, Uswidi, Uholanzi na Norwei, PhD mara nyingi ni ajira, kuna mkataba na mshahara na unaomba kama kazi, ila wengi wanataka uwe na shahada ya uzamili. Marekani unaweza kuingia na shahada ya kwanza lakini jiandae miaka mitano au zaidi, na mara nyingi utafundisha kidogo ili ulipwe. Zile za Umoja wa Ulaya zenye jina la Marie Skłodowska-Curie sio lazima uwe Mzungu, sharti kubwa ni usiwe umeishi nchi unayoombea zaidi ya miezi 12 ndani ya miaka mitatu iliyopita, na watu wengi hawajui hilo wanaacha tu.

Barua ya maombi ndio sehemu inayonitesa nikisoma za watu. Mdogo wangu mmoja aliniletea ya kwake, aya nzima ya kwanza "mimi ni mchapakazi, najituma, nina ndoto". Nikamwambia nipe tasnifu yako ya uzamili. Ukurasa wa arobaini na kitu kulikuwa na grafu ndogo ambayo hakuiongelea kabisa, inaonesha majike wa ghuba moja ya kina kifupi wanabeba mayai wakiwa wadogo kuliko wa kwingine. Nikamuuliza kwanini iko hivi, akasema sijui ila nilishangaa sana, labda kule wanavuliwa zaidi au labda joto. Nikamwambia anza hapohapo, andika ulichokiona, andika labda zako zote mbili na utazitofautishaje. Ile ya uchapakazi tukaifuta yote.

Aliitwa kwenye usaili. Aliniambia nusu ya muda walikuwa wanaongelea ile grafu.