Mkonge unaooza Tanga ni umeme

Umeme ulikatika Ngamiani, hapa Tanga mjini, juzi usiku, ukarudi jana magharibi. Jirani yangu anauza samaki wa kukaanga, na friza lake lilikuwa limejaa changu na vibua. Jana mchana nilimkuta uani amekaa kwenye kibao cha mbuzi, anawapasua mmoja mmoja mgongoni, anawatia chumvi. "Mwanangu, hawa sasa ni ng'onda," aliniambia bila kuinua kichwa. Mtaji wa siku mbili aliutandaza juu ya bati.

Basi jioni barazani maneno yakawa ni umeme tu. Mjomba mmoja, mvuvi wa zamani, akasema habari za upepo na jua ni za wenye pesa, nchi haiendeshwi kwa mapangaboi. Kijana mmoja akamrukia: mbona Wakenya wana umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria na upepo wa Turkana, sisi tumelala? Wakashikana kwa maneno mpaka adhana ya isha. Nilirudi nyumbani nina hasira na wote wawili, maana hakuna hata mmoja aliyetazama kilicho chini ya pua yake.

Nianze na upepo, kwa sababu hapo mjomba ana haki kidogo na sipendi kumnyima. Aliyetweka tanga hapa mwambao anajua pepo za msimu, kaskazi ni lini na kusi ni lini, na anajua tanga mbili, ile miezi ya katikati ambapo chombo kinalala maji kama kisahani. Mtambo wa upepo nao unaumia hivyohivyo, tena zaidi: upepo ukipungua nusu, nguvu inayopatikana inabaki sehemu moja ya nane. Turkana wamesimamisha mitambo 365 yenye megawati 310, lakini ilipokamilika ilibidi isubiri njia ya kusafirisha umeme. Kwetu kuna mitambo michache Mufindi, megawati 2.4, na inafanya kazi. Kwa hiyo upepo unawezekana. Ila hauwezi kuwa peke yake, na haukai popote mtu anapopenda.

Mvuke wa ardhini nitaupita haraka. Maji moto ya Amboni tunayaoga kwa ajili ya ngozi na harufu yake ya kiberiti tunaijua, lakini Olkaria wamechimba kwenye Bonde la Ufa, wanapata mvuke wa nyuzijoto zaidi ya 200, na wanazalisha umeme tangu 1981. Hapa nchini matumaini hayo yako Ngozi, kule Mbeya. Amboni tuwaachie wanaooga.

Na anayesema nishati jadidifu, ile isiyokwisha kama jua, upepo na maji, haifai Tanga, aende akasimame Hale. Maporomoko yale yalianza kutoa umeme 1964, kwa mitambo ya megawati 21, na chini yake kituo cha New Pangani Falls, cha megawati 68, kikafuata 1995. Shida ni kwamba Mto Pangani unategemea mvua za Kilimanjaro na Meru, na njiani kila shamba lina mfereji. Mwaka wa ukame mto unakonda, na sisi wa mwisho ndio tunaoujua ukondefu huo.

Sasa niseme la moyoni. Baba yangu alikata mkonge. Nimekulia karibu na korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge kupata nyuzi, nikitumwa kumpelekea chai, na ngurumo yake naisikia hadi leo. Jani linaingia zima upande mmoja, maji yanamwagwa kwa wingi, nyuzi zinatoka nyeupe zinakwenda kuanikwa. Chini, kwenye mfereji, unatoka uji wa kijani unaowasha ngozi, unakwenda kurundikana nyuma ya kiwanda. Unaoza pale. Mvua ikinyesha unateremka mtoni. Katika kila kilo 100 za majani, nyuzi ni karibu kilo 4. Zilizobaki zote ni ule uji.

Miaka ya sitini Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi kwa mwaka. Piga hesabu: karibu tani milioni 5 za mabaki, kila mwaka, zikiozea hewani na gesi yake ikipotea. Sehemu kubwa ni maji, nakubali. Hata hivyo, uji huo ukiutia kwenye tangi lisilopitisha hewa, vijidudu vinaula, methani inapanda juu, inakwenda kwenye injini, injini inazungusha jenereta. Masalia yanarudi shambani kuwa mbolea. Wala hili si jambo la kuota. Kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa namna hiyo hapahapa Hale, ulioanza na kilowati 150. Na mkonge unakatwa kusi na kaskazi, mwaka mzima. Gesi unaweza kuihifadhi, ukaiwasha usiku.

Wataniambia ni ghali. Ndiyo, tangi ni ghali, na gesi ile ina salfa inayokula injini isiposafishwa. Lakini mimi nimeona kilichoua miradi ya bei rahisi kuliko huo. Kuna zahanati moja kijijini kwa mama yangu iliwekewa sola, ikazinduliwa kwa ngoma. Mwaka wa tatu betri zikafa. Paneli bado ziko juu ya paa, zina vumbi, na chanjo zimerudi kwenye deli la barafu. Jua halikupungua hata siku moja. Aliyekosekana ni mtu ambaye riziki yake ingesimama betri ikifa. Wavuvi wetu wa dagaa wameacha karabai wakashika taa za sola bila kuhubiriwa na yeyote, na wanazitunza kama macho yao, kwa kuwa taa ikizima hakuna dagaa.

Korona nayo bila umeme haizunguki. Mwenye korona ana sababu ya kumwita fundi usiku wa manane, na umeme unaozidi unaweza kwenda kwa majirani.

Wakulima wadogo wanapanda mkonge sasa, Korogwe hadi Handeni, na kilio chao kikubwa ni korona. Naomba wenye kupanga mambo wasikie hili: korona mpya isisimikwe mpaka ijulikane uji wake unakwenda wapi. Tangi liwe kwenye ramani tangu siku ya kwanza, na vijana wawili wa kijiji hichohicho wafundishwe injini kabla haijawashwa. Mjomba nitamwambia hivyo leo jioni, na nitampeleka Hale Jumamosi akaone.