Mkuu wa kilimo naye asimame mbele ya wapiga kura

Watu wa nyumbani wakiniuliza Marekani kuna jambo gani la kuiga, wanategemea nitaje barabara au umeme usiokatika. Mimi nawatajia karatasi ya kura ya North Carolina, jimbo ninaloishi. Novemba 2024, chini ya majina ya wagombea urais na ugavana, wapiga kura wa jimbo hili walikuta nafasi ya Kamishna wa Kilimo: Steve Troxler wa Republican na Sarah Taber wa Democratic. Troxler akashinda kipindi chake cha sita. Ni majimbo 12 tu kati ya 50 ambako mkuu wa kilimo huchaguliwa na wananchi wote; kwingine huteuliwa.

Nimezaliwa Urambo, mkoani Tabora, Tanzania, kwenye nyumba iliyosomesha watoto kwa tumbaku. Najua harufu ya bani, banda la kukaushia, usiku tumbaku ya mvuke ikiiva, na najua uso wa mzee anayerudi kutoka sokoni akiwa na karatasi ya makato. North Carolina nayo ni jimbo la tumbaku ile ile ya mvuke, na Troxler mwenyewe alikuwa mkulima wa tumbaku kaunti ya Guilford kabla ya kuingia ofisini. Ndiyo maana nafasi hiyo ambayo wapiga kura wengi wa mjini huipita haraka, mimi huisoma kwa makini, ingawa kura sina. Nina kadi ya ukaaji tu. Na kwa kuwa niko nje ya nchi, uchaguzi mkuu wa nyumbani pia hunipita.

Nieleze kwanza ofisi yenyewe, maana jina lake halitoshi. Idara ya kilimo ya jimbo hili ilianzishwa mwaka 1877, na leo jina lake rasmi limebeba pia huduma za walaji. Wakaguzi wake ndio wanaopima mizani ya dukani na pampu za mafuta barabarani. Wapo chini yake madaktari wa mifugo, wakaguzi wa vyakula, kikosi cha misitu kinachozima moto porini, na masoko makubwa ya wakulima ya Raleigh, Charlotte, Asheville na lile la Colfax karibu na Greensboro. Maonyesho ya jimbo, yanayofanyika Raleigh kila Oktoba, nayo ni yake. Mtu wetu angeyaona angesema hii ni Nane Nane yenye bembea. Lakini kinachonigusa zaidi ni udongo. Mkulima, awe na ekari elfu moja au na bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, huchukua kiboksi kwenye ofisi ya ugani ya kaunti, anajaza udongo wa shamba lake, anaupeleka maabara ya idara huko Raleigh. Kuanzia Aprili hadi Novemba halipi kitu. Desemba hadi Machi, wakati foleni ni ndefu, analipa dola 4 kwa sampuli. Anarudishiwa majibu yanayomwambia aweke chokaa kiasi gani na mbolea ipi.

Nyumbani mambo hayajasimama, na sitaki kusema uongo kwa sababu niko mbali. Mwaka 2022 Serikali iligawa pikipiki na vipima udongo kwa maafisa ugani, na ruzuku ya mbolea ikaanza kwa kuandikisha wakulima. Ni hatua kubwa. Shida yangu iko kwingine: kipima udongo kikikaa kabatini, nani anaulizwa? Afisa ugani ni mtumishi wa halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Mizani iko kwa Wakala wa Vipimo, ambao uko chini ya viwanda na biashara. Ushirika una tume yake, tumbaku ina bodi yake, mifugo ina wizara yake. Waziri wa Kilimo anateuliwa na Rais. Kila mmoja akiulizwa anaweza kutaja mlango wa jirani, na mara nyingi anakuwa anasema kweli. Mkulima wa Kaliua aliyepunjwa anazunguka milango hiyo hadi msimu unakwisha.

Chukulia lumbesa, ule ujazo wa gunia kupita kipimo. Sheria ya vipimo ipo, kikomo cha kilo 100 kwa gunia kinajulikana, viongozi wa kila awamu wameikemea hadharani. Bado viazi vya Njombe na vitunguu vya Singida vinaondoka shambani vikiwa na kichuguu juu ya gunia, na mkulima analipwa kama gunia moja. Sidhani kuna kiongozi anayeipenda lumbesa. Ila sijamwona hata mmoja aliyepoteza kazi kwa sababu yake. Hapa kwangu ndipo penye kiini. Katika North Carolina jina la mtu mmoja linasimama juu ya mizani, udongo, mifugo na soko, na kila baada ya miaka minne jina hilo linarudi mbele ya watu.

Sasa nije kwenye uchaguzi ulionifanya niiheshimu nafasi hii. Mwaka 2004 Troxler alikuwa anagombea dhidi ya Britt Cobb, aliyekuwa ameshika ofisi kwa kuteuliwa na gavana. Ilikuwa vuli ya wasiwasi kwa wakulima wa tumbaku: Oktoba ile ile Washington ilipitisha sheria ya kufuta mfumo wa mgao na bei za kulindwa ulioanza miaka ya 1930, kwa malipo ya fidia. Watu walipiga kura Novemba 2. Zaidi ya kura milioni tatu zilipohesabiwa, Troxler alikuwa mbele kwa kura 2,287.

Kumbe kaunti ya Carteret, pwani kabisa, mashine ya kura ilikuwa imejaa. Ilikuwa na uwezo wa kutunza kura 3,005, na maafisa walikuwa wameambiwa inachukua zaidi ya hapo. Watu waliendelea kuja, wakabonyeza, wakaondoka wakiamini wamepiga kura. Kura 4,438 zikapotea moja kwa moja. Hakukuwa na karatasi ya kurejea. Idadi iliyopotea ilikuwa karibu mara mbili ya tofauti kati ya wagombea.

Kwa kiti cha urais jambo hilo halikubadilisha kitu, na wengi hawakulisikia. Kwa kiti cha kilimo lilikuwa kila kitu. Tume ya uchaguzi ya jimbo ikaagiza Carteret irudie, ikiwahusisha wale waliopotezewa kura na wale ambao hawakujitokeza, mahakama ikakataa. Tume ikaagiza jimbo zima lirudie. Mahakama ikakataa tena. Desemba ikapita, Januari ikapita, viongozi wengi waliochaguliwa siku ile ile wakawa wameshaapishwa. Kilimo hakikuwa na mshindi.

Kilichomaliza mgogoro ni viapo. Upande wa Troxler ulikwenda Carteret kutafuta wapiga kura waliopotezewa kura, mmoja mmoja, na zaidi ya 1,300 wakasaini hati za kiapo kwamba walimpigia yeye. Piga hesabu. Ukiongeza 1,300 kwenye 2,287 unapata 3,587. Ukitoa 1,300 kwenye 4,438 zinabaki 3,138, na hata zote zingekuwa za Cobb asingemfikia. Februari 2005 Cobb akakubali kushindwa. Mwaka huo huo bunge la jimbo likapitisha sheria kwamba kila kura lazima iwe na karatasi. Tangu hapo mpiga kura wa North Carolina, akimchagua gavana au hakimu, analindwa na karatasi iliyopatikana kwa sababu ya ugomvi wa kiti cha kilimo.

Nimewasimulia kisa hiki jamaa kadhaa wa nyumbani na baadhi wamecheka kwamba Wamarekani nao huharibu uchaguzi. Waliharibu, ni kweli. Mimi kinachonishika ni kwamba watu zaidi ya elfu moja waliona inafaa kuapa kwa maandishi kwa ajili ya mtu wa kilimo. Mtu haapi hivyo kwa ofisi asiyoijali.

Msinielewe kwamba kura husafisha kila kitu. Kabla ya Cobb alikuwapo Meg Scott Phipps, aliyechaguliwa mwaka 2000. Babu yake, Kerr Scott, alikuwa Kamishna wa Kilimo kisha gavana. Baba yake, Bob Scott, naye alikuwa gavana. Jina kubwa lilimbeba. Mwaka 2003 alijiuzulu kwa kashfa ya fedha za kampeni iliyohusisha zabuni ya michezo ya bembea kwenye maonyesho ya jimbo, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Kwa hiyo anayeniambia wakulima watachagua jina kubwa badala ya uwezo, simpingi, imetokea hapa. Ila namuuliza: wateule wa kwetu wakikosea, wangapi tumewaona wakifikishwa huko? Na kabla ya Phipps, Jim Graham alikaa kwenye kiti hicho tangu 1964 hadi 2001. Ukaaji wa namna hiyo nauona ni mrefu kupita kiasi, hata kama watu walimpenda.

Kuna wanaosema pia kwamba watu hupiga kura ya chama tu, kilimo hawakijui. Wapo, tena wengi. Lakini Novemba 2024 jimbo hili lilimpa Donald Trump wa Republican kura za urais, likampa Josh Stein wa Democratic ugavana kwa tofauti kubwa, kisha likamrudisha Troxler wa Republican kwenye kilimo. Wapo waliokuwa wanasoma jina kwa jina.

Hoja inayonisumbua kweli ni nyingine. Tumbaku na viazi vitamu vya jimbo hili, ambalo ndilo la kwanza Marekani kwa viazi vitamu, huvunwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuja kwa viza ya msimu ya H-2A, wengi wao kutoka Mexico. Ndio wanaoinama juani Julai, na hawana kura. Tena nenda kaunti za Duplin na Sampson, kwenye mashamba makubwa ya nguruwe. Kinyesi huhifadhiwa kwenye mabwawa ya wazi na kunyunyizwa mashambani, na majirani, wengi wao Wamarekani weusi wenye ardhi ya mababu, wakashtaki kwa harufu na nzi. Mwaka 2018 mabaraza ya wazee wa mahakama yaliwapa ushindi wa mamilioni ya dola. Kamishna alisimama hadharani upande wa wafugaji, na bunge likabana haki ya kushtaki kwa kero za namna hiyo. Majirani wale walikuwa na kura. Walikuwa wachache mno. Kura hukufanya usikike kadiri mlivyo wengi au mlivyojipanga, na katika jimbo hili wakulima wenyewe ni sehemu ndogo ya watu. Wanasikika kwa sababu wamejipanga tangu zamani.

Na hapo ndipo naiona nafasi ya nyumbani. Kwetu wakulima si wachache. Urambo, Kaliua, Sikonge, ukimwondoa mkulima umeondoa karibu mji mzima. Kama kuna mahali mkuu wa kilimo angeogopa kura ya mkulima, ni kule.

Najua kubadili Katiba ili waziri achaguliwe si jambo la kesho, na sijui kama ndilo ningeanza nalo. Ningeanza na wilaya. Wakulima walioandikishwa kwenye ruzuku wanajulikana kwa majina na kwa vijiji, orodha ipo. Wapewe haki ya kumchagua mtu mmoja wa wilaya anayesimamia mizani, udongo na maafisa ugani kwa pamoja, kwa miaka minne, asizidishe vipindi viwili, na fedha za kampeni yake zitangazwe. Kabla masoko ya tumbaku hayajafunguliwa, mtu huyo asimame kwenye kila AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na mizani iliyopimwa, aipime mbele ya wanachama kwa jiwe la kilo linalojulikana, na aseme ni sampuli ngapi za udongo zimepimwa tangu msimu uliopita na majibu yake yako wapi. Vibarua wanaochuma na kufunga majani nao waingizwe kwenye orodha hiyo, wenye shamba na wasio na shamba, ili tusilianze kosa la huku tangu siku ya kwanza.

Ndugu yangu mmoja bado analima tumbaku Urambo. Nilipomweleza haya kwa simu aliniuliza kitu kimoja: huyo mtu tukimchagua akatupunja, tunamtoa lini? Nikamwambia hapa wanangoja miaka minne, na kwamba kiti kitagombewa tena Novemba 2028. Akasema miaka minne ni mingi kwa mtu anayeshika mizani, iwe miwili. Nimelifikiria sana jibu lake, na naona yuko sahihi. Iwe miwili.