Mfumo Wenu Ulivuja, Mkanyamaza

Mama yangu mdogo anaishi Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, na ana sukari. Majuzi kapigiwa simu na kijana mwenye adabu zake. "Shikamoo mama, napiga kutoka bima." Akamtajia namba ya kadi, dawa anazotumia, mpaka tarehe ya kliniki. Kuna pesa za kurejeshewa, akasema, kwa hiyo amsomee tu zile namba zitakazoingia kwenye simu. Mama mdogo akasoma. Hela ya kikoba ikaondoka.

Tumezoea matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Wale wanabahatisha. Huyu alikuwa na faili.

Tukaenda kituoni anakotibiwa. Dada wa mapokezi akatujibu bila kuinua macho: "Kulikuwa na changamoto ya mfumo, mama, ila imeshatatuliwa." Aa, kumbe! Walijua. Na namba ya mama mdogo wanayo, maana kumkumbusha kliniki hawasahau, na Mwaka Mpya walimtakia heri. Ujumbe mmoja tu wa "taarifa zako zimeibwa, usimpe mtu namba za uthibitisho" ndio uliowashinda.

Hapo ndipo ninapogombana nao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tunayo, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Rais Samia akaizindua Tume yake Aprili 2024. Sheria hiyo inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Anayezitunza zikimvuja, anatakiwa aiarifu Tume bila kuchelewa. Sawa, Tume iarifiwe. Na mwenye ugonjwa wake? Kumwambia yeye hakukuandikwa kwa ukali huo huo, na wakubwa wa vituo wanaona wamepata pa kujificha. Wanamwandikia mwanasheria wao, wanamwita fundi, wanafunga mlango. Mgonjwa atajua siku tapeli atakapompigia.

Namba ya siri unabadilisha. Laini unafunga, kadi unapewa nyingine. Majibu ya kipimo cha VVU unayabadilisha wapi? Mimba iliyoharibika kabla hujaolewa, dawa za akili unazomeza kimya kimya huku umepanga chumba kwa watu Nkuhungu, mwenye nyumba akizijua, utamwambia azisahau? Kule Ufini, mtu aliiba kumbukumbu za wagonjwa wa kituo cha tiba ya akili kiitwacho Vastaamo, na mwaka 2020 wagonjwa wenyewe wakaanza kupokea barua pepe: lipa, la sivyo uliyomwambia mtaalamu wako nayaanika. Mwaka 2024 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 6 na miezi 3. Aende zake. Yaliyokwisha kusomwa yamesomwa.

Haya, nakubali, kituo nacho kimeibiwa. Na sitamani turudi kwenye mafaili ya karatasi yaliyokuwa yanapotea kila ukihamishwa wodi. Ila vituo vyetu vina mazoea mabaya kabla hata ya kompyuta. Lile daftari la mapokezi liko wazi, kila anayesaini anasoma jina, simu na tatizo la aliyemtangulia, halafu dirishani mtu anaita, "Yule mama wa presha yuko wapi?" Unategemea watu hao walinde seva?

Kwa hiyo kama yamekukuta, anza na pesa: piga kwa mtandao wako na benki wafunge, badilisha namba za siri. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, maana unaweza kukuta usiyoijua. Namba ya tapeli itume 15040. Nenda polisi ukafungue jalada, na meseji zake usifute hata kama zinakutia kichefuchefu. Kwenye bima, omba orodha ya matibabu yaliyolipwa kwa kadi yako, usije ukakuta umefanyiwa upasuaji Mwanza.

Halafu kiandikie kituo barua. Usiende kulalamika kwa mdomo, utapewa pole na maji ya kunywa. Uliza zilivuja taarifa zipi, lini, na wamechukua hatua gani. Kupewa taarifa zako ni haki yako kisheria. Nenda na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Ukiwa na nakala hiyo, peleka malalamiko kwenye Tume. Inatakiwa imalize uchunguzi ndani ya siku 90, ingawa inaweza kujiongezea muda, na fidia unaweza kuidai. Kampuni ikikutwa na hatia ya kutoa taarifa kinyume cha sheria, faini inaweza kufika shilingi bilioni 5.

Marekani, kampuni ya afya ikivuja, mawakili wanawatafuta wagonjwa kabla hawajamaliza kusoma barua ya kuombwa radhi. Huku wakili utamtafuta mwenyewe. Lakini mkiwa wengi wa kituo kimoja, mahakama inaweza kuruhusu wachache wafungue kesi ya uwakilishi kwa niaba ya wenzao, na gharama mnachangiana. Mnaokutana kliniki kila mwezi, ongeeni pale pale kwenye benchi.

Na wakigoma kupokea barua yako, itume kwa EMS pale Posta, risiti utunze.