Kanga wa Kawaida Ananitosha

Wapenzi wa ndege wakifika Lamu huulizia kanga tumbusi, nami siwalaumu. Yule amejaaliwa: kifua cha buluu inayowaka, manyoya marefu ya shingoni yenye mistari myeupe, jicho jekundu, kichwa kitupu kama cha tumbusi mwenyewe. Mwaka 2019 watafiti waliowafuatilia Laikipia walionyesha kwamba hata makundi yao huchagua kundi la kuandamana nalo. Kanga wa kishungi naye ana msitu wake wa Arabuko-Sokoke, akiwafuata kima kuokota matunda wanayoyaangusha. Wazuri wote. Ila kipenzi changu ni kanga huyu huyu wa vichakani, wa njia ya Marafa, Kilifi, ambaye watu humpita bila kugeuka.

Mtazame kwanza. Madoa meupe yametapakaa juu ya weusi wa majivu mpaka kwenye mbawa, huko yakawa mistari. Utosini pembe ya mfupa. Uso wa buluu usio na manyoya. Dume na jike huwezi kuwatenganisha kwa macho, itabidi usikilize: mlio wa vipande viwili, wa pili ukipanda, huo ni wa jike. Ile kelele ya kekekekeke ni ya wote, na ndiyo inayonifanya nimheshimu. Mwewe, mbwa, mgeni, hakuna apitaye kimyakimya.

Anataka vitu vinne karibu karibu: uwazi wa kulia, kichaka cha kujificha, mti wa kulala, na maji. Shamba lililofyekwa lote hakai. Asubuhi hushuka mtini, wakaandamana mstari mmoja kwenda kunywa, kisha kutwa ni kuchakura tu, mchwa, panzi, mbegu za magugu, hata kupe. Ukimkurupusha hutimua mbio. Kuruka ni akizidiwa.

Wazee walisema kanga hazai ugenini, na kweli ni msiri. Hutaga kwenye kishimo chini ya nyasi, mayai 6 hadi 12, na zaidi majike wakishirikiana kiota. Huatamia siku 26 hadi 28.

Malalamiko ya wakulima nayajua. Umepanda mahindi leo, kesho wamefukua mbegu. Ni kweli, na mwenye njaa huwezi kumwambia atazame madoa. Lakini mbegu ni ya kulindwa siku chache mpaka iote, ilhali mchwa na panzi hawana likizo. Watoto na makopo ya kugonga si wapo? Tanzi ndilo nisilolikubali, hasa wakati wa mvua kanga wakiwa kwenye mayai.

Anayetamani mchuzi wa kanga na afuge, Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) hutoa kibali. Na aupike kwa nazi, moto mdogo, maana nyama yake ni kavu kuliko ya kuku.