Sahihi ya Charlie Watt

Tarehe 11 Novemba 1975, Charlie Watt, Mwinuit (mmoja wa wenyeji wa asili wa Aktiki) wa kijiji cha Kuujjuaq mwenye umri wa miaka 31, alitia sahihi Mkataba wa James Bay na Kaskazini mwa Quebec. Hadi leo watu wa Nunavik, eneo la kaskazini kabisa mwa jimbo la Quebec nchini Kanada, wanabishana kama siku ile aliwaokoa au aliwauza. Nimeufuatilia ubishi huu kwa muda, na naona pande zote mbili zina hoja, ila hazilingani uzito.

Yote yalianza Aprili 1971, pale waziri mkuu wa Quebec, Robert Bourassa, alipotangaza mradi mkubwa wa umeme katika mito inayoingia ghuba ya James Bay. Wakri, wenyeji wengine wa asili wa huko, na Wainuit, ambao nchi ile ndiyo ghala lao la chakula, hawakuulizwa. Mwaka uliofuata Watt akawa mwanzilishi wa chama cha Wainuit wa Kaskazini mwa Quebec, kisha wakaungana na Wakri kwenda mahakamani. Tarehe 15 Novemba 1973, Jaji Albert Malouf, baada ya kuwasikiliza wawindaji kwa miezi, aliamuru ujenzi usimame. Amri hiyo iliishi wiki moja tu. Mahakama ya Rufani iliiweka kando, na matingatinga yakarudi kazini.

Anayemlaumu Watt asiipite wiki hiyo haraka. Tangu hapo alijadiliana na serikali iliyokuwa ikijenga huku ikizungumza. Angesubiri kesi iishe, angekuta mabwawa yamekwisha jaa maji.

Alichorudi nacho nyumbani hakikuwa kidogo. Wakri na Wainuit walilipwa fidia ya dola milioni 225, na fungu la Wainuit, takriban milioni 90, likasimamiwa na Makivik, shirika lao wenyewe lililoanza mwaka 1978 na Watt akiwa rais wa kwanza. Makivik inamiliki shirika la ndege la Air Inuit, jambo kubwa katika nchi ya vijiji 14 visivyo na barabara ya kuviunganisha. Watoto wakaanza kusoma kwa Kiinuktitut chini ya bodi yao ya shule. Lakini kinachonigusa zaidi ni friza ya kijiji. Mwindaji analipwa kwa fedha za mpango uliotokana na mkataba, nyama na samaki wake wanawekwa humo, na mjane au mzee asiyeweza tena kwenda barafuni anakuja kuchukua bila kutoa senti. Desturi ya kugawana mawindo ikapata bajeti.

Upande wa pili una sentensi moja mkononi. Katika mkataba, Wainuit waliachia na kusalimisha madai, haki na hatimiliki zao zote za asili katika ardhi ile. Ardhi waliyobaki wakiimiliki moja kwa moja ni zaidi kidogo ya kilomita za mraba 8,000, ndani ya eneo linalokaribia 500,000. Kura ya kuridhia ilipita, lakini vijiji vya Puvirnituq na Ivujivik, na sehemu ya Salluit, walikataa katakata. Kwao ardhi haikuwa mali ya mtu kuisalimisha. Sheria ya bunge la Kanada ikafuta haki za asili za Wainuit wote katika eneo hilo, waliokubali na waliokataa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaomtetea Watt kwa kila kitu. Kutia sahihi chini ya shinikizo lile namwelewa, tena naamini wengi wetu tungefanya hivyo. Kukubali maneno yanayomfunga jirani aliyesema hapana, hilo silielewi, hata kama serikali ndiyo iliyoyashikilia.

Nadhani mwenyewe lilimkaa moyoni. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa Wainuit waliopigania haki za wenyeji ziingie katika katiba ya mwaka 1982, na marekebisho ya 1983 yakazipa haki za mikataba kama huu ulinzi wa kikatiba. Mwaka 1984 aliteuliwa seneta katika bunge la Kanada. Mwaka huohuo kulungu wa Aktiki wapatao 10,000 walikufa maji wakivuka mto Caniapiscau, ambao maji yake yanashuka hadi Kuujjuaq, kwao Watt. Wengi waliyanyooshea kidole mabwawa. Kampuni ya umeme ikasema ni mvua.

Alikaa Seneti miaka 34, katika kiti cha kuteuliwa, mbali na nyumbani. Wapo wanaoona ni muda uliopotea. Mimi siwaungi mkono kabisa, maana mambo mengi ya Nunavik huamuliwa Ottawa, mji mkuu wa Kanada, lakini mwakilishi asiyepigiwa kura na watu wake hawezi kusema ana idhini yao.

Mwaka 2018, akiwa na miaka 73, aliiacha Seneti na kuchaguliwa tena rais wa Makivik. Ajenda yake ilikuwa Nunavik ijitawale. Mzigo haukuwa mwepesi: mwaka 2011 wananchi walipigia kura mpango wa serikali ya eneo, na takriban theluthi mbili wakaukataa. Januari 2021 Pita Aatami alimshinda katika uchaguzi wa rais wa Makivik, na kazi hiyo ikabaki haijakamilika. Mkataba wa 1975 bado unatumika, na sentensi ile bado imo.