Mchango wa Kilomita

Mtu anayeijua Mtwara vizuri hachangishi fedha mwezi wa saba. Wakati huo fedha ya mkulima iko juu ya mikorosho ikiwa salfa, ile dawa ya kupulizia, na ile asiyokuwa nayo ameshaikopa kwa matumaini ya minada ambayo huanza Oktoba. Wajumbe wote wa kamati yetu tulikuwa na mikorosho, kwa hiyo hatukuhitaji kuelezwa jambo hilo, lakini Mwenyekiti alikuwa ameshaamua. Alikuwa amesoma kwamba huko Uingereza maelfu ya watu huendesha baiskeli kutoka London hadi Brighton, mwendo wa maili 54, ambazo ni kama kilomita 87, na kila mwendeshaji hukusanya ahadi za fedha kwa ajili ya kupambana na maradhi ya moyo. Kutoka Mtwara hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 100, akasema, kwa hiyo Waingereza tutawapita kabla hatujaingia Lindi mjini, tena upepo wa kusi ukitusukuma mgongoni.

Fedha zilikuwa za kununulia magodoro na mashuka ya wodi ya wazazi katika zahanati moja, na njia ilikuwa kutoka uwanja wa Nangwanda Sijaona hadi uwanja wa Ilulu. Mimi niliteuliwa kuwa mwendeshaji wa mbele katika kikao ambacho sikuhudhuria. Hoja iliyotolewa, kama nilivyoisoma baadaye kwenye muhtasari, ni kwamba mwalimu huaminika, na kwamba kwa kuwa shule ingekuwa imefungwa hakuna mtu ambaye angeniulizia.

Baiskeli nilipewa na kijana anayetembeza samaki mitaani. Ilikuwa ya chuma tupu, nzito, yenye keria pana na harufu ambayo sabuni haikuweza kuiondoa, kiasi kwamba paka wa Chikongola walinisindikiza kwa heshima zote kila nilipopita. Raba za breki zilikuwa zimekwisha. Fundi baiskeli aliitazama, akaingia ndani, akarudi na kandambili moja ya njano iliyokatika mkanda, akaikata kwa wembe vipande vinne vya ukubwa wa kidole gumba, akavichongachonga kingo, kisha akavipachika kimoja kimoja huku akipuliza vumbi. Nilipomuuliza kama vitahimili mteremko, alinijibu kwamba kandambili hiyo imevaliwa miaka mingi na haijawahi kumwangusha mtu.

Kuchangisha kwenyewe kulikuwa na mambo yake. Seremala alitutengenezea sanduku la mbao lenye tundu juu na kufuli dogo ubavuni, akaandika MCHANGO kwa rangi nyekundu, na neno hilo likaenea ubao mzima hata pasibaki nafasi ya kueleza ni mchango wa nini. Ufunguo ulikaa kwa Bi Mhazini, mama aliyestaafu ukarani, ambaye hamwamini mtu yeyote na wala hafichi. Sokoni watu walinipokea kwa ukarimu, ila hawakuwa na fedha. Waliandika ahadi kwenye vikaratasi, wakavikunja vizuri, wakavitumbukiza. Mama mmoja muuza pweza alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, “Sasa mwanangu, hiyo nguvu ya kukanyaga baiskeli mpaka Lindi, si ungeenda kulimia ukauza?” Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijalipata.

Mwenye duka mmoja ndiye pekee aliyeuelewa mtindo wa Waingereza. Aliahidi shilingi 1,000 kwa kila kilomita. Alinitazama kitambi, akaitazama baiskeli, akaandika kwa raha kabisa.

Jumapili moja nikatumwa kufanya mazoezi hadi Mikindani, kama kilomita kumi, nikiwa nimelivaa sanduku kifuani, kwa sababu Mwenyekiti alisema kuendesha bila sanduku ni matembezi. Mikindani ni mji wa zamani, wenye Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, na ndiko David Livingstone alikoanzia safari yake ya mwisho ya kuingia bara mwaka 1866. Yeye aliondoka kwa miguu, na nilipoanza kushuka ule mteremko niliona busara yake. Nilibana breki za mbele, nikabana za nyuma, na badala ya kupunguza mwendo nikasikia harufu ya raba inayoungua. Kipande kimoja cha njano kilinipita sikioni. Nikaacha barabara nikafuata kichochoro, nikitumaini mchanga utanisimamisha, na kwa kweli mchanga ulinisimamisha, ila mimi na sanduku tuliendelea mpaka chini ya turubai, katikati ya wanaume waliokaa kwenye mikeka.

Ulikuwa msiba.

Goti lilikuwa limechubuka vibaya na machozi yalikuwa yananitoka yenyewe. Wale wazee walipoona mtu mzima amejitupa mkekani akilia namna ile, wawili walinishika mabega wakaniambia nijikaze, ndiyo kazi ya Mungu. Pumzi haikuniruhusu kueleza chochote. Mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma akaniinamia, akaniuliza kwa upole, “Pole, njomba. Wewe wa upande upi?” Nilidhani ananiuliza nimetokea mtaa upi wa Mtwara, nikasema, “Shangani.” Akageuka akawatangazia wenzake kwamba watu wa Shangani wamefika. Nikaletewa maji. Kisha wakaliona sanduku.

Nataka nieleweke kwamba nilijaribu. Kila nilipofungua mdomo mtu alinikatiza kwa pole nyingine na noti nyingine. Waliokuwa wanatafuta mahali pa kutoa ubani walilikuta sanduku lenye maandishi makubwa, limefungwa kwa kufuli, limekumbatiwa na mfiwa mwenye uchungu kuliko wote, wakapanga mstari. Nikasalimiana na kila mmoja. Msemaji wa familia alipokuja kuniomba nilifungue ili watangaze kilichopatikana kabla ya maziko, sauti ilikuwa imenirudia, lakini kitu pekee nilichoweza kusema ni kwamba ufunguo uko Mtwara.

Bi Mhazini alifika kwa bajaji, daftari likiwa kwapani. Aliingia na kanga yake kichwani kama desturi inavyotaka, akatoa pole, akakaa, akalifungua sanduku mbele ya watu wote bila kuniuliza lolote, kwa kuwa kwake hesabu hutangulia maelezo. Msemaji akaingiza mkono, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaisoma kwa sauti ile ya kutangazia misiba: “Elfu ishirini, baada ya mnada.”

Watu wakatazamana. Akatoa nyingine. “Elfu tano, Mungu akijalia korosho zikapata bei.” Akatoa ya tatu. “Jogoo mmoja, mje mumfuate.” Kilio cha kina mama ndani kikapungua, maana walikuwa wanasikiliza. Ya nne akaisoma polepole, akarudia: “Shilingi elfu moja kwa kila kilomita.”

“Kilomita za nini?” akauliza yule mzee wa kofia. “Kaburi si hapo nyuma ya minazi?”

Hapo nikasimama kwa mguu mmoja nikaeleza yote: zahanati, Lindi, Waingereza, kandambili. Nilipofika kwenye kandambili sauti moja ya mwanamke ikatoka ndani ikisema, “Huyu mtani! Nani kamwita mtani huyu?” na msiba mzima ukaangua kicheko. Waliocheka kuliko wote ni wafiwa wenyewe. Waliokasirika ni watani halisi wa ile familia, kina mama wawili waliojipaka unga usoni, mmoja akiwa amevaa gauni la marehemu juu ya gauni lake. Walikuwa wameshafanya vituko tangu alfajiri kwa malipo kidogo, na sasa mtu wa Shangani asiye na utani na yeyote hapo amekuja na baiskeli akawamalizia kazi. Wakadai faini. Walisema wazi kwamba maziko hayatoki mpaka ilipwe. Baada ya majadiliano marefu, ambamo Bi Mhazini hakukubali hata shilingi moja itoke kwenye sanduku, walikubali kuchukua ile karatasi ya jogoo.

Kugawa fedha hakukuwa na shida hata kidogo. Noti zote zilikuwa za msiba, vikaratasi vyote vilikuwa vyetu. Bi Mhazini alihesabu mara mbili, akakabidhi, akasainisha. Familia ikatoa shilingi 3,500 kwangu kama haki ya mtani, naye akaipokea kabla sijanyoosha mkono, akaandika daftarini: “Mapato ya matani, Mikindani.” Nilishiriki maziko, nikala wali, baiskeli ikarudi Mtwara juu ya bajaji na mimi nikiwa nimeishika.

Asubuhi iliyofuata mwenye duka alikuwa mlangoni kwangu kabla sijafunga kidonda. Habari zilikuwa zimemfikia. Alinipa pole ndefu, akaulizia goti, kisha akatoa noti ya shilingi 10,000 iliyonyooka, akaniwekea mkononi. Kilomita kumi, akasema, ndizo nilizoendesha, na yeye ni mtu wa kutimiza ahadi. Nilimweleza kwamba yale yalikuwa mazoezi, na kwamba safari yenyewe, zile kilomita zaidi ya 100, bado iko palepale.

Akaichukua ile noti, akaitazama pande zote mbili, akaniuliza kama daktari ameniruhusu.