Ua Lijichavushe au Lingoje Chavua ya Jirani?

Mara nyingi wanafunzi wa biolojia hufundishwa kwamba uchavushaji mtambuko, yaani chavua ya mmea mmoja kutua kwenye stigma (ncha ya kike ya ua inayopokea chavua) ya mmea mwingine wa spishi ileile, ni bora kuliko ua kujichavusha lenyewe. Hukumu hiyo ina msingi, ila imetolewa kwa haraka.

Charles Darwin alilinganisha miche ya makundi hayo mawili kwa zaidi ya miaka 10, na mwaka 1876 akachapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa miche ya mtambuko kwa kawaida ilirefuka zaidi na kuzaa mbegu nyingi zaidi. Leo sababu inafahamika: kila kizazi cha kujichavusha hupunguza kwa nusu zile jeni ambazo nakala zake mbili zinatofautiana, hivyo kasoro zilizokuwa zimefunikwa na nakala nzima hujitokeza. Si ajabu basi kwamba mimea mingi imejiwekea vizuizi. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili, kwanza likipokea chavua, kisha kesho yake likiitoa. Na katika jamii ya kabichi, spishi nyingi zina stigma inayoikataa chavua ya mmea wake wenyewe.

Hata hivyo ngano, mpunga na maharage hujichavusha kizazi baada ya kizazi bila kudhoofika, kwa kuwa jeni nyingi zenye madhara makubwa zilikwisha kuchujwa zamani. (Kujichavusha nako ni uzazi wa kijinsia kamili: gameti, yaani seli za uzazi za kiume na za kike, hutungana vilevile, tofauti na kipandikizi kinachotokana na shina.) Tena ipo hesabu aliyoieleza mwanatakwimu na mtaalamu wa jenetiki Ronald Fisher mwaka 1941, ambayo upande wa mtambuko hauna budi kuijibu. Mmea unaojichavusha huingiza nakala mbili za jeni zake katika mbegu yake, moja kwa yai na moja kwa chavua, na bado huweza kurutubisha yai la jirani. Usiojichavusha huishia na nakala mbili tu, moja kwake na moja kwa jirani. Kwa hiyo, ikiwa uzao wa kujichavusha haupungukiwi na zaidi ya nusu ya uwezo wa kuishi na kuzaa, kujichavusha kunaweza kuenea.

Kwa maoni yangu, kinachoamua ni urefu wa muda unaopimwa. Mbegu moja iliyofika kisiwani pasipo mwenzake wala nyuki haina anasa ya kungoja. Lakini katika mamilioni ya miaka koo nyingi zimehama kutoka mtambuko kwenda kujichavusha, na ni nadra sana kuona safari ya kurudi, kwa sababu kizuizi cha stigma kikishaharibika ni vigumu kuundwa upya. Utungaji mbegu wa aina nyingi za mmea wa urujuani hauegemei upande mmoja: maua yake ya wazi huwangoja wadudu, na mengine, yasiyofunguka kamwe, hujichavusha ndani ya tumba kwa chavua kidogo tu na bila nekta.